Kabla hamjanunua motahomu kubwa iliyotumika: someni kibati cha uzito kwanza, bei baadaye

Mwezi wa tatu tulipokea ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa dada mmoja anayefanya kazi ya keya karibu na Reading, Uingereza. Wako wanne kwenye chama kimoja: yeye, mwenzake wa kazi, dada mwingine anayesafisha vyumba hotelini, na kaka anayefunga majukwaa ya vyuma saiti. Wamechanga miaka miwili bila kukosa. Mwanzo pesa ilikuwa ya dharura za nyumbani. Mwaka huu wakakaa, wakasema: wazazi tumewatibu, karo tumelipa, na sisi basi tuione hii nchi tunayoisafisha kila siku. Wakaona tangazo la motahomu iliyotumika, lile gari la kulala lenye jiko, choo na vitanda ndani. Vitanda sita, urefu zaidi ya mita saba, bei pauni 19,500. Motahomu ndogo za umri ule ule zilikuwa ghali kuliko hiyo. Wakatuma amana ya pauni 1,000 lisije likachukuliwa na wengine.

Swali lao kwetu lilikuwa jepesi: bima tutafute wapi? Tukawaomba picha moja tu, ya kile kibati kilichogongwa chini ya boneti. Picha ilipofika tukajua kwamba katika wanne wale hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kulitoa gari hilo kwenye ua wa muuzaji.

Hatuko hapa kumwambia mtu kwamba starehe ni kosa. Mtu anayelala nyumbani kwa mgonjwa wiki tatu mfululizo, akiamshwa saa nane usiku, ana haki ya kuamka siku moja mbele ya ziwa. Tunachotaka ni pesa ya jasho isiliwe na jambo ambalo lingeonekana kwa kufungua boneti. Wasomaji wetu wa Muscat, Doha na Dubai mtuwie radhi, leo tuko Uingereza. Ila ile sehemu ya kununua kwa pamoja, huko chini, inawahusu hata ninyi mnaochangia basi dogo au pikapu.

Kibati na leseni

Kila motahomu ina kibati cha mtengenezaji, chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Mara nyingi kina mistari minne ya kilo. Wa kwanza ndio wenyewe: uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na watu, maji, mafuta na mizigo yote. Wa pili ni uzito wa gari pamoja na trela, na huo ni mkubwa zaidi. Usiuchanganye na wa kwanza. Wa tatu na wa nne ni mwisho wa ekseli ya mbele na ya nyuma.

Mstari ule wa kwanza ukisoma kilo 3,500 au chini, leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, inatosha. Ukisoma kilo 3,501, haitoshi. Unahitaji daraja C1, linaloruhusu mpaka kilo 7,500. Na hapa watu wengi hukosea: kinachotazamwa kwenye leseni ni namba ya kibati, si gari lilivyo siku hiyo. Hata likiwa tupu kabisa, halina hata sufuria, kibati kikisema 4,250 basi ni gari la 4,250. La akina dada wa Reading lilisema hivyo hivyo, 4,250.

"Lakini bosi wangu Mwingereza anaendesha kubwa na leseni yake ni ya kawaida." Ndiyo, na hadanganyi. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 bure pamoja na leseni yao. Waliofaulu kuanzia siku hiyo hawakupewa. Sisi tuliokuja juzi tuko kundi la pili.

Kaka wa saiti alikuwa na hoja yake. Nyumbani Kenya ana leseni ya zamani ya BCE, ameendesha lori la mchanga miaka minne. Tunamheshimu, lakini haimsaidii hapa. Leseni ya Kenya au ya Tanzania unaweza kuitumia Uingereza kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuwa mkaazi, na kwa magari madogo tu. Baada ya hapo unafanya mtihani wa Uingereza, kwa sababu nchi zetu hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa. Waliopata leseni yao kwa mtihani wa Falme za Kiarabu kabla ya kuhamia Uingereza wana bahati kidogo: nchi hiyo iliingizwa kwenye orodha mwaka 2021. Hata hivyo, thibitisheni DVLA mtapewa daraja gani.

Ukikamatwa unaendesha gari lisilo la daraja lako, faini inaweza kufika pauni 1,000, na unapigwa pointi kati ya 3 na 6 kwenye leseni. Na ukiwa ndani ya miaka miwili ya kwanza tangu ufaulu mtihani, pointi 6 zinatosha leseni kufutwa. Unarudi kuwa mwanafunzi. Baya zaidi ni bima. Ajali ikitokea, kampuni itatazama daraja la leseni kabla ya kutazama kitu kingine. Mtu anayehesabiwa hana bima anaweza kunyang'anywa gari papo hapo barabarani. Kwa sisi wenye viza kuna mlango mwingine wa hasara: fomu za kuongeza viza na za kuomba ukaazi huuliza kuhusu hukumu, za barabarani zikiwemo. Safari ya wiki moja Scotland haifai kukufuata mpaka huko.

Je, kuchukua C1 ni vigumu? Inawezekana. Unahitaji fomu iliyojazwa na daktari baada ya kukupima, leseni ya muda ya daraja hilo, mtihani wa nadharia wa magari makubwa, na mtihani wa barabarani. Hiyo ni pesa ya daktari, ya mwalimu, ya mitihani, na siku za kazi utakazozikosa. Kwa anayelipwa kwa saa, tunapenda kuhesabu hizo siku nazo kama gharama. Ila C1 ni cheti kinachoweza kukuletea kazi ya kuendesha malori madogo baadaye, ingawa kwa kazi ya kulipwa utatakiwa mafunzo zaidi. Kaka wa saiti ameanza kuipigia hesabu kwa sababu hiyo, motahomu au bila motahomu.

Kwa nini kubwa ni rahisi kuliko ndogo

Watu wanaona bei na kusema muuzaji hajui thamani ya mali yake. Anaijua vizuri sana. Tazameni wanunuzi waliopo. Vijana wengi hawana C1. Wazee waliokuwa nayo, wakifika miaka 70 inabidi wapimwe na daktari ndipo waendelee nayo, na wengine hushindwa kipimo cha macho au hawataki usumbufu. Basi magari makubwa yanaingia sokoni na wanaoweza kuyaendesha ni wachache. Na siku mtakayotaka kuuza, mtakutana na uchache ule ule wa wanunuzi.

Sababu ya pili ni London. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limefunika mitaa yote ya London. Motahomu ya diseli ya kilo 3,500 au chini isiyofikia kiwango cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa humo. Ukivuka 3,500 unaingia kwenye sheria nyingine, LEZ, ile ya malori, na motahomu imo. Isiyofikia Euro VI inalipa pauni 100 kwa siku. Isiyofikia hata Euro IV, pauni 300. Siku inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Ukitoka Barking saa tano usiku ukaendelea kuendesha ndani ya London mpaka saa saba, umelipa siku mbili. Likiwa limeegeshwa halilipi, linalipa linapotembea. Kwa hiyo mtu wa London aliyenunua gari kuukuu la tani nne ana gari ambalo kulitoa nyumbani ni pauni mia na kulirudisha ni pauni mia nyingine. Wanaoishi Reading, Leicester au Manchester hawana tabu hiyo ya kila safari, lakini waulizeni jamaa zenu mnaotaka kuwapitia wanaishi wapi. Ukaguzi ni bure: ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL kabla ya kupiga simu kwa muuzaji.

Mwendo nao hubadilika. Gari likizidi tani 3.05 likiwa tupu, kwenye barabara ya njia moja moja mwisho wake ni maili 50 kwa saa badala ya 60, na kwenye barabara zenye kitenganishi katikati ni 60 badala ya 70. Kamera haijui kama uko likizo. Kodi ya barabara, kwa upande mwingine, mara nyingi huwa nafuu kwa gari lililozidi 3,500 kuliko kwa lililo chini yake. Wauzaji hupenda sana kuitaja hiyo.

Mizani ya Mariakani inakufuata

Sasa wengine mtasema: basi tununue kubwa lenye kibati cha 3,500. Yapo, na mengine yalizaliwa mazito zaidi yakashushwa kwenye karatasi ili wenye daraja B waweze kuyanunua. Ni halali, lakini gari halikupungua hata boliti moja. Kilichopungua ni ruhusa ya kubeba.

Tuchukue mfano. Kibati kinasema 3,500. Kitabu cha gari kinasema likiwa tayari kwa safari lina kilo 3,080, dereva na mafuta ndani. Zimebaki 420. Watu wengine watatu, tuwape kilo 75 kila mmoja japo baadhi yetu tunajijua: 225. Zimebaki 195. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Zimebaki 95. Turubai la kivuli la pembeni, kilo 30. Betri ya pili aliyoongeza mwenye gari, 25. Zimebaki 40. Begi nne za kilo 15 ni 60. Tayari mmezidi kwa kilo 20, na hamjapakia viti vya nje, mtungi wa pili wa gesi, unga, mchele wala lile sufuria kubwa ambalo dada mmoja hawezi kusafiri bila. Vitabu vingine vimeshahesabu maji kidogo ndani ya ule uzito wa kwanza, vingine havikuhesabu. Someni maelezo ya chini yenye herufi ndogo.

Nyumbani tunaijua mizani: Mariakani, Mlolongo, Vigwaza. Tunadhani ni ya malori tu. Uingereza wakaguzi wanaweza kuipima motahomu, na faini ya kuzidisha uzito inaanzia pauni 100 na kupanda kulingana na ulivyozidi. Ukizidi sana, ni mahakamani. Zaidi ya faini, breki na matairi vilitengenezwa kwa namba ile ya kibati. Motahomu kubwa nyingi zina mkia mrefu nyuma ya ekseli, na mkia huo ndio wenye stoo ambayo kila mtu anaijaza. Jumla inaweza kuwa sawa na ekseli ya nyuma ikawa imezidi.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwende pamoja kwenye mizani ya umma. Ada yake ni ndogo. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Na hesabuni mikanda. "Vitanda sita" haimaanishi viti sita vya kusafiria. Tumeona ya vitanda sita yenye mikanda minne tu, dereva akiwemo. Mkiwa sita, wawili watapanda treni.

Unyevu

Kama mtakuwa na nguvu ya kukagua kitu kimoja tu, acheni injini mtafute maji. Injini ya Fiat Ducato au Ford Transit, ambazo motahomu nyingi zimejengwa juu yake, gereji yoyote inaijua. Ukuta uliooza ndani haujulikani bei yake mpaka ubomolewe. Maji huingia kwenye maungio ya paa, pembe za madirisha, na pale mtu alipotoboa kuweka antena au paneli ya jua, kisha hukaa ndani ya mbao miaka bila kuonekana.

Nendeni siku ya mvua kama mnaweza. Fungueni makabati ya juu, ingizeni kichwa, nuseni. Harufu ya kabati lenye nguo zilizofungwa zikiwa mbichi mnaijua. Bonyezeni kuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na kwenye pembe za nyuma. Zikibonyea kama mkate, ondokeni. Tazameni kama karatasi ya ukutani imefanya mawimbi, au kama muuzaji amepaka rangi mpya pembe moja tu. Kisha lipeni fundi wa motahomu aje na kipimo cha unyevu. Mafundi wengi huchukua asilimia 15 kwenda chini kuwa salama, 15 mpaka 20 kuwa ya kuangaliwa, na kupanda juu ya 20 kuwa jambo la kufungua na kutengeneza. Ombeni namba ziandikwe kwenye mchoro wa gari, sehemu kwa sehemu. Kaka zetu wa ujenzi mna macho ya hayo mambo. Ujuzi mnaoutumia kwenye kuta za watu utumieni kwenye huu.

Matairi nayo yanadanganya. Motahomu husimama muda mrefu, kwa hiyo kashata za tairi zinaweza kuwa nzima na mpira umezeeka. Ubavuni kuna namba nne za tarehe: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi kama hiyo ihesabuni kuwa ya kubadilisha na mpunguze kwenye bei. Ulizeni pia mkanda wa injini ulibadilishwa lini, mtake risiti, si neno la mdomo. Historia ya MOT iko bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari, na maili za kila mwaka zimo.

Hesabu ya usiku mmoja

Sisi ni wahasibu, mtuvumilie. Tuseme mmenunua kwa pauni 24,000 na baada ya miaka mitatu mkauza kwa 18,000. Hiyo ni hasara ya 2,000 kwa mwaka, ingawa hakuna aliyeiona ikitoka mfukoni. Bima tuseme 600. Kodi ya barabara 350. MOT na sevisi 450. Ukaguzi wa ndani wa gesi, umeme na unyevu 250. Akiba ya matairi 200. Pa kuegesha, kwa sababu hakuna mwenye nyumba atakayewaruhusu kuweka mita saba mbele ya mlango wake, pauni 50 kwa mwezi, yaani 600. Jumla 4,450 kwa mwaka kabla ya diseli na ada ya kambi.

Gawanyeni kwa usiku mtakaolala humo kweli. Keya wa kulala kwa mgonjwa akipata siku 21 za likizo na zote akazitumia barabarani, kila usiku umemgharimu karibu pauni 212. Wanne mkipishana vizuri mkafikisha usiku 60, ni kama pauni 74. Hapo sasa chukueni bei za kukodi kutoka kampuni tatu, kwa wiki ile ile mnayoitaka, mlinganishe. Namba zetu ni za mfano, wekeni zenu. Utaratibu ndio huo. Tulipowafanyia akina dada wa Reading hesabu hii kwa likizo zao halisi, walipata usiku 24, kwa sababu kazini hawawezi kupewa ruhusa wiki moja wote.

Kuna wanaotuandikia kwamba watahamia humo kabisa ili waache kulipa kodi ya chumba. Tunaelewa, kodi inauma. Lakini bima nyingi za motahomu zinataka uwe na nyumba ya kudumu, na kuishi humo mwaka mzima kunahitaji bima ya aina yake. Benki, mwajiri na idara ya uhamiaji wote wanataka anwani. Na Januari ya Uingereza ndani ya boksi la plastiki hula gesi kama moto wa kuni.

Wengine wanasema watalikodisha wakiwa hawalitumii. Hiyo ni biashara: ina bima tofauti, ina kodi ya mapato ikizidi pauni 1,000 kwa mwaka, na mwenye viza ya kufadhiliwa na mwajiri hana uhuru wa kufungua biashara anavyotaka. Muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla, si baada.

Na kulipeleka nyumbani? Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa umri wake. Halafu utafute kioo cha dirisha la motahomu Kariakoo. Hapana.

Jina moja, watu wanne

Hapa ndipo tumeona urafiki ukivunjika, na si kwenye motahomu tu. Karatasi ya DVLA inayoitwa V5C, ambayo wengi tunaiita logibuku au kadi ya gari, huandikwa jina la mtunzaji wa gari. Karatasi yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa nani mwenye mali. Kwa hiyo mmechanga wanne, jina ni la mmoja, na risiti ya benki inaonyesha pesa ilitoka akaunti ya mmoja. Siku dada huyo akiitwa nyumbani kwa msiba asirudi, au viza ikikatika, au Mungu amchukue, watatu waliobaki wana nini mkononi? Wana meseji za WhatsApp. Ndugu wa marehemu watakuja na V5C.

Basi andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha mnayoielewa wote na nakala ya Kiingereza, mkasaini mbele ya shahidi asiye mwanachama. Iandikwe nani ametoa kiasi gani na kwa tarehe gani. Gari ni mali ya nani kwa mafungu gani. Anayetaka kujitoa analipwa kwa bei ipi, ya kununulia au ya soko siku hiyo, na ndani ya miezi mingapi. Nani analipa akilikwaruza. Faini inamfuata aliyekuwa kwenye usukani. Na wiki za kiangazi zinagawanywaje, maana kila mtu anataka Agosti. Mrithi wa kila fungu atajwe kwa jina. Tunajua inaonekana kama kutoaminiana. Mama zetu waliweka daftari la upatu na wote walikuwa mashoga. Na madereva wote waandikwe kwenye bima kwa majina. "Nimemwachia mwenzangu kidogo tu" haimo kwenye bima.

Kulipa

Msitume amana kwa gari ambalo hamjaliona kwa macho. Matangazo ya picha nzuri na bei ya huruma, mwenye gari "yuko nje ya nchi", ni wizi wa kila siku. Onaneni naye nyumbani kwake, kwenye anwani iliyo kwenye V5C, na namba ya chasisi kwenye gari ifanane na ya karatasi. Lipieni ukaguzi wa deni: gari likiwa bado la mkopo, mkopeshaji anaweza kuja kulidai, na hata kama sheria itawalinda mnunuzi asiyejua, mtakuwa mmepoteza miezi mkibishana.

Kununua dukani ni ghali kidogo lakini mna sheria nyuma yenu: chini ya sheria ya haki za wateja ya 2015, gari likiwa na kasoro mnaweza kulikataa ndani ya siku 30 mkarudishiwa pesa. Kwa mtu binafsi mnachoweza kudai ni kwamba liwe kama alivyolieleza, kwa hiyo hifadhini tangazo lake. Na dukani, mkilipa hata sehemu ndogo kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji, mradi bei ya gari inazidi pauni 100 na haizidi 30,000. Amana ndogo kwa kadi, iliyobaki kwa benki, na ile kadi mnailipa yote mwisho wa mwezi.

Akina dada wa Reading walimwandikia muuzaji, mzee mmoja mwenye motahomu tangu anastaafu. Tuliwasaidia barua: hatukuelewa daraja la leseni, tangazo halikutaja kilo, tunaomba amana. Alirudisha pauni 700, akasema 300 ni za wateja aliowafukuza wiki zile mbili. Tuliwashauri wazichukue, wakachukua. Mwezi wa tisa watakodi ndogo ya kilo 3,500 yenye mikanda minne kwa wiki moja, Inverness mpaka pwani ya kaskazini na kurudi, na dereva ni dada mmoja tu kati yao, kwa sababu ndiye peke yake aliyefaulu mtihani wa Uingereza. Tumemkumbusha asiingie na motahomu Bealach na Bà, na kwamba ile ruhusa ya kupiga kambi popote Scotland ni ya mahema, si ya magari. Watatu waliobaki wameandikisha mtihani wa nadharia.